Chora kabla ya kukokotoa: nilivyoielewa statiki

Nilipoanza mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa Dodoma, nilidhani statiki, yaani somo la kani kwenye vitu vilivyotulia, ni fizikia ya kidato cha sita inayorudiwa, na kwa kuwa fizikia sikuwahi kuihofia, kila swali nililianzia kwenye fomula. Jaribio la kwanza lilinionyesha kosa langu. Tulipewa boriti ya mita 4, iliyoegemea pini upande wa kushoto na rola upande wa kulia (aina mbili za egemeo, yaani kinachoishikilia boriti), ikiwa na mzigo wa kilonyutoni 10 uliowekwa mita 1 kutoka kushoto. Niligawa mzigo nusu kwa nusu, nikajumlisha, nikaona kani zinalingana, nikasonga mbele kwa uhakika kabisa.

Jibu nililipata wiki iliyofuata, uani kwenye nyumba niliyopanga Nkuhungu. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji yake pekee yana uzito unaokaribia kilonyutoni 10, na tangi letu lilikaa karibu zaidi na nguzo moja. Ilikuwa wazi kwa macho kwamba nguzo hiyo ndiyo iliyoelemewa. Nikachora boriti ya lile jaribio peke yake, bila nguzo wala ukuta, na kila nilipoondoa egemeo nikaweka mshale wa kani ambayo egemeo hilo lilikuwa likiitoa. Kisha nikatafuta momenti (uwezo wa kani kuzungusha, yaani kani mara umbali wake) kuzunguka egemeo la kushoto, kwa sababu kani isiyojulikana ya pale hupita kwenye nukta hiyo hiyo na hivyo haina momenti. Kilonyutoni 10 mara mita 1, gawanya kwa mita 4: egemeo la kulia linabeba 2.5, la kushoto 7.5.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba atumie muda mwingi kwenye mchoro huo kuliko kwenye milinganyo, auchore mkubwa, na ajiulize kila egemeo linazuia nini. Rola huzuia mwendo wa upande mmoja tu. Pini huzuia kusogea kokote lakini huruhusu mzunguko. Egemeo lililokazwa huzuia vyote, na ndiyo maana bango la barabarani lenye nguzo moja halilali chini upepo wetu wa kiangazi unapolisukuma, kwani msingi wake hutoa kani pamoja na momenti. Momenti hiyo ndiyo wengi wetu tulikuwa tukiisahau.

Kenchi zitakuja baadaye, na aliyezoea kutenga boriti moja hatapata taabu kutenga kiungo kimoja.

Ukimaliza hesabu ya boriti, tafuta momenti kuzunguka egemeo la pili ili kuhakiki: 7.5 mara 4 ni 30, na 10 mara 3 ni 30. Na jibu likitoka hasi, tafadhali usifute kazi yako. Ikiwa hesabu ni sahihi, kani hiyo inaelekea kinyume na mshale ulioukisia.