Kama ndo unaanza kuvua kwa mshipi Tanga, anza na maji, ndoana baadae

Mi nimezaliwa Lushoto, milimani kabisa, maji mengi niliyoyajua ni ya mtoni na ya kwenye ndoo, nikaja Tanga mjini kikazi na nikapangisha chumba sio mbali na Sahare, sasa ukikaa karibu na bahari alafu kila jioni unaona watu wanapita na mafungu ya changu unaanza kupata tamaa. Nikajiunga. Naandika haya kwa wewe mgeni ambae uko pale nilipokua mimi, una hamu, una hela kidogo, na hujui kitu.

Nikuambie nilivyoanza ili ucheke kwanza. Nilienda Dar, nikanunua fimbo ya kuvulia nzuri yenye mashine ya kukunjia uzi, na kiboksi cha samaki wa plastiki wenye rangirangi, nikarudi nayo kwenye basi nimeikumbatia kama mtoto. Jumamosi ya kwanza nikaamka kwa raha zangu, nikanywa chai, saa 4 asubuhi niko Raskazone. Maji hayapo! Yaani yamekwenda huko mbali, watu wanaokota chaza na kuchokoa pweza pale ambapo mimi nilitegemea kurusha ndoana. Nikarusha hivohivo, nikanasa majani, nikanasa jiwe, uzi ukakatika. Nikaenda wikiendi nne mfululizo bila hata kidole cha samaki, mpaka mzee mmoja aliekua anashona wavu chini ya mkungu akaniita. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaiangalia ile fimbo kwa muda, akasema, "Mwanangu, wewe unavua mchanga."

Somo lote limo humo ndani. Mgeni anahangaika na vifaa, mwenyeji anahangaika na maji. Ukijua maji, hata mshipi wa bei ya chini uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki utakuletea kitoweo, usipojua maji fimbo yako ni ya kupigia picha tu.

Sasa maji yenyewe yakoje. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, ndo mana leo ukikuta maji yamejaa jioni usitegemee wiki ijayo saa hiyohiyo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakauka sana, na hapa Tanga siku za bamvua kwa kawaida maji yanajaa kwenye saa 10 hivi, alfajiri na jioni, na yanakauka kwenye saa 4. Saa 4 asubuhi! Saa yangu mimi ile ya kumaliza chai. Mwezi ukiwa nusu, yaani kwenye tarehe 7 au 8 na tena 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakua ndogo na bahari inakua kama imelala. Huna haja ya programu ya simu, kalenda ya Kiislamu iko ukutani kwenye kila duka mtaani, uliza tu leo mwezi ngapi utaambiwa na muuza vitumbua.

Kwa mgeni anaevua kwa mkono, bamvua lenyewe silipendi. Mkondo una nguvu, chubwi, yaani ile risasi ya kuzamisha mshipi, halitulii chini, linaburutwa, mshipi unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo na samaki akigonga hujui kama ni samaki au maji. Maji mafu nayo yamepoa mno, chambo kinakaa pale hakitoi harufu kwenda kokote. Mi napenda tarehe 10, 11 hivi za mwezi mwandamo, maji yameanza kupata nguvu lakini hayajawa wazimu, na uzuri wake siku hizo yanaanza kujaa alfajiri na yanapanda taratibu mpaka mchana, kwahiyo ukifika kumepambazuka unavua na maji yanayoingia, na samaki wanaingia nayo kuja kutafuta chakula miambani. Ile saa moja na nusu ya mwisho kabla maji hayajajaa kabisa, na nusu saa baada ya kuanza kutoka, hapo usiende kukojoa. Yakisimama kabisa kula mkate wako.

Vifaa ntaenda haraka mana watu wanapenda kukaa hapa siku nzima. Mshipi wa nailoni unene wa milimita 0.5 au 0.6, mita 50 mpaka 100 zinatosha, mwembamba zaidi ya hapo utakukata vidole na wewe bado hujajua kuushika. Chubwi la risasi, dogo ukiwa ufukweni, kubwa kidogo ukiwa kwenye chombo. Ndoana ndogo, na hapa ujue kuna mtego, namba ikiwa kubwa ndoana inakua ndogo, nilinunua mara ya kwanza kinyumenyume nikapata madude ya kuvulia papa, ila zile zenye namba alafu mkwaju na sifuri, kama 2/0, ndo zinageuka, namba ikipanda na ndoana inakua kubwa. Bora uende dukani na samaki unaemtaka kichwani, uonyeshe kwa kidole mdomo wake ulivyo mkubwa, muuzaji atakuelewa. Chubwi liwe chini mwisho, ndoana mbili juu yake kwenye vipande vifupi vya pembeni, basi. Fundo unalizungusha mara tano au sita, unalitemea mate kabla ya kulikaza, sio uchafu, nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na hapo ndo panakatika samaki akivuta. Beba beseni la kuwekea mshipi ukiuvuta, ukiuacha miguuni utafunga mafundo mpaka jua lizame.

Chambo ni ngisi. Nikisema ngisi namaanisha ngisi mbichi aliekatwa vipande vyembamba virefu kama tambi, avutwe na maji aonekane anacheza, sio minofu ya kutengeneza mishkaki. Kamba naye mzuri ila ni laini, wadogowadogo wanamnyofoa wanakuachia ndoana tupu. Dagaa mzima anafaa ukitaka kolekole. Asubuhi mapema pita soko la samaki pale Deep Sea, vyombo vinarudi na mnada unaanza, omba ngisi waliochubuka, wanauzwa rahisi. Na ukiwa hapo angalia wanauza nini siku hiyo, kama meza zimejaa changu basi changu wapo, huo ni utafiti wa bure. Pono utawaona wengi, wazuri wa rangi, ila usiwatamani kwa ndoana, wale wanakwangua mwani kwenye mawe, wengi wao wameingia kwenye wavu au dema, ule mtego wa kusukwa.

Haya, kuvua kwenyewe. Shusha mshipi mpaka usikie chubwi limegota chini, kisha uvute kama nusu mkono ukae hapo, usilaze chini kabisa utanasa mwamba. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndo jicho lako. Mzee alinifungia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kwenye kidole ili mshipi usinikate, ni kitu cha maana kuliko glavu mana glavu zinakuziba usisikie. Changu anagonga, tap tap, anaonja, alafu anaondoka nayo. Mgeni akisikia ile tap ya kwanza anaruka na kuvuta kwa nguvu zote, chambo kinatoka mdomoni mwa changu nae anabaki anashangaa. Mimi nilifanya hivo mara zisizo na idadi, na mzee akawa ananipiga kofi la mgongoni kila nikivuta mapema, "Mwache ale! Wewe ukialikwa chakula unanyang'anywa sahani?" Subiri mpaka mshipi uwe mzito, unaondoka moja kwa moja, hapo ndo unaukaza mara moja kwa mkono wote na usilegeze tena, unavuta mkono kwa mkono. Chewa ni tofauti, akishameza anakimbilia pangoni, ukichelewa kidogo tu amejitanua humo ndani na mshipi utaukata mwenyewe kwa kisu. Kolekole yeye hana salamu, anapiga anaondoka, mwachie kidogo mshipi upite mkononi alafu umrudishe, usishindane nae nguvu sekunde ya kwanza. Nguru na mzia wana meno, bila kipande cha waya juu ya ndoana watakuaga, ila hao wa baadae, sio wa mwezi wa kwanza.

Kuna samaki wa kuogopa na hili sintalipita haraka. Tasi ni mtamu sana, ila miiba yake ina sumu, ukichomwa mkono unawaka moto mpaka begani, mi nilichomwa na tasi mdogo kuliko kiganja nikakaa chini nikalia, mtu mzima. Dawa yake ni maji ya moto, moto wa kuvumilika bila kuungua, tumbukiza mkono humo ukae muda mrefu, joto ndo linapunguza ile sumu, na ukiona unavimba sana au pumzi inabana nenda hospitali usikae kusubiri. Bunju, yule anaejijaza kama mpira, usile na usimpe mtu wala paka, sumu yake inaua na haiishi kwa kupikwa. Mkunga akija na mshipi kata mshipi, usijifanye shujaa wa kumtoa ndoana. Taa angalia mkia. Kasa akinasa mwachie, analindwa na sheria, mtoe ndoana taratibu kama inatoka, kama haitoki kata mshipi karibu kabisa na mdomo.

Na mambo ya sheria. Uvuvi nchini unaendeshwa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, kwahiyo kabla hujaanza kwenda kila wiki pita ofisi ya uvuvi uulize kibali chako ni kipi, na uongee na BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, ya pale ufukweni unapovulia, ni wenyeji wako hao, ukiwasalimia watakuonyesha hata sehemu za samaki. Pia ujue kuanzia 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na visiwa vinavyoonekana mbele ya mji, Toten, Yambe, Ulenge, vipo kwenye mambo ya uhifadhi, usiende kutia nanga popote ukadhani bahari haina mwenyewe. Silikanti mwenyewe, wale samaki ambao wataalamu walidhani walishatoweka toka enzi za mijusi mikubwa, hapa Tanga walianza kuonekana kwenye majarife, nyavu za kuvulia papa, kuanzia 2004, huko kwenye kina kirefu. Kwa mshipi wako wa ufukweni hutamuona, kwahiyo usiniulize. Baruti nayo, ukisikia mtu anakuambia kuna njia ya mkato, ondoka hapo, ni kosa kubwa na inaua mwamba, na mwamba ukifa mimi na wewe na ndoana zetu tunarudi kuvua mchanga.

Ukishazoea ufukwe utataka ngalawa. Nenda na mwenye chombo chake anaejua kusoma upepo, usikodi mtumbwi ukaenda na rafiki yako wa ofisini. Kusi inavuma kuanzia kama mwezi wa 4 au 5 mpaka wa 9, na katikati yake, wa 6, wa 7, wa 8, bahari inachafuka kwelikweli, hata wazoefu kuna siku wanavuta vyombo mchangani wanacheza bao. Kaskazi, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, kuna asubuhi bahari inakua kama mafuta kwenye sufuria. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa upepo na mawimbi, sikiliza, alafu muulize na nahodha, na nahodha akisema leo hatutoki usibishane nae kwa sababu umeomba ruhusa kazini. Vaa jaketi la kuokolea hata wakikucheka. Mimi wa milimani sijui kuogelea vizuri mpaka leo, nalivaa, wananiita puto, sawa. Kichefuchefu kikija angalia mbali kwenye ufuo, usiangalie ndani ya chombo, na usipande na tumbo tupu wala lililoshiba maharage.

Samaki ukishampata mtoe matumbo na matamvua mapema, mweke kwenye barafu au kwenye gunia lililolowa kivulini, jua la Tanga halina subira. Wadogo wa kiganja rudisha.

Changu wangu wa kwanza alikua kama kiatu cha mtoto, nilimpata tarehe 10 ya mwezi mwandamo, maji yanaingia, kwa mshipi wa mzee na ngisi wa kuchubuka. Tulimkaanga pale pale nyumbani kwake, bibi akamtia ndimu na pilipili, kichwa akachukua mzee, akasema hiyo ndo ada ya ufundi, na bado anaichukua kila nikipata. Ile fimbo ya Dar nilimwachia zawadi. Wiki iliyopita nimepita kumsalimia, nimeikuta imesimama uani inainua kamba ya nguo, ile mashine ya kukunjia uzi wajukuu wanaizungusha, anasema ni imara sana, haijapinda hata kidogo.