Ukipiga mnara wa taa bila mwamba wake, umepiga jengo

Juzi dada mmoja msomaji wangu kanitumia picha tatu za mnara wa taa na swali moja tu: "Kaka, picha zangu ziko shapu, anga nzuri, rangi nzuri, mbona zimekufa?" Nimelala na hilo neno siku mbili. Zimekufa. Ndilo neno nililokuwa nalitafuta mwenyewe miaka mitatu iliyopita nikalikosa, nikapewa lingine linalouma zaidi na mtu ambaye hata sura yake siijui.

Lilikuwa shindano la picha, jina lake naliacha. Niliamka saa tisa usiku, nikatembea na tochi ya kichwani karibu saa nzima, nikaupiga mnara jua linachomoza, mweupe pee, anga ya zambarau nyuma yake, na kila niliyemwonyesha alisema hii inashinda. Jaji akaandika mstari mmoja: kadi ya posta, mnara umesimama tu. Basi, hakuongeza kitu. Nilizima kompyuta, nikakaa wiki tatu sijashika kamera, na niwaambie ukweli, mpaka leo nikisikia mtu anasema "kadi ya posta" moyo unashtuka. Mtu anayejifunza haambiwi hivyo, anaelekezwa. Lakini jaji alikuwa sahihi, na imenichukua miaka mitatu kulikubali hilo, ndiyo maana naandika leo na sikuandika wakati ule.

Wiki iliyopita picha yangu ya mnara uleule, uleule nasema, imetundikwa kwenye maonyesho, ukuta unaotazamana na mlango. Nilienda, nikasimama pembeni, nikamwona mzee mmoja anasogea mpaka karibu kabisa, anainama, anaangalia chini ya picha kwenye mawe. Mnara wala hakuuangalia kwanza. Alikaa pale kama dakika nzima, na hiyo dakika nimeisubiri miaka mitatu jamani, siwezi kujifanya haikunigusa. Kwenye hiyo picha mnara ni mdogo kuliko kidole gumba. Robo tatu yote ni mwamba.

Kilichonibadilisha hakikuwa kamera, ileile ninayo hadi leo. Ni zile wiki tatu za hasira, nikawa nasoma tu habari za minara, yaani ilijengwa kwa nini. Nikakutana na Eddystone, huko kusini magharibi mwa Uingereza, mwamba mdogo tu katikati ya bahari ambao umejengewa minara minne. Wa kwanza ulikamilika 1698, dhoruba kubwa ya 1703 ikaufagia pamoja na Henry Winstanley mwenyewe aliyeujenga, alikuwa ndani. Wa pili ulikuwa wa mbao, ukaungua 1755. Wa tatu ukajengwa kwa mawe na John Smeaton, ukawashwa 1759, huo ukakaa zaidi ya miaka mia moja, na unajua kwa nini uliondolewa? Mnara ulikuwa bado mzima kabisa, mwamba chini yake ndio ulikuwa unaliwa na bahari, wimbi likipiga mnara unatikisika. Ikabidi wajenge wa nne, ukawashwa 1882, na ule wa Smeaton wakaubomoa kwa utaratibu, sehemu ya juu ikaenda kusimamishwa tena Plymouth nchi kavu. Kisiki chake bado kiko pale baharini, pembeni ya mnara wa sasa.

Niliposoma hapo nikaifungua ile picha yangu ya shindano. Hakuna mwamba. Nilikuwa nimeukata! Niliona mawe yanachafua picha, nikasogeza fremu juu ibaki nyasi, mnara na anga. Kumbe nimeondoa sababu ya mnara kuwepo. Mnara wa taa umewekwa pale kwa sababu kuna kitu kinaua watu, na kile kitu ndicho nilichokifuta. Ukibaki mnara peke yake una jengo refu lenye balbu juu.

Kwa hiyo dada yangu, jibu lako ndilo hilo, na kila ninachosema kuanzia hapa kinazunguka palepale. Anza na mwamba. Fika, wala usitoe kamera kwenye begi, tafuta mwamba kwanza, ufa wake unaelekea wapi, mistari yake inakupeleka wapi. Kuna sehemu kama Pemaquid Point, Maine, Marekani, mnara wa 1835, ambapo mwamba wenyewe umejipanga mistari mirefu inayoteremka kuelekea majini, na ukisimama chini ukageuka kuangalia juu, mistari ile inalivuta jicho mpaka mnarani. Pale pale mvua ikinyesha au mawimbi yakiruka kunabaki vidimbwi kwenye mawe, na mnara unaonekana ndani ya maji, watu wengi wanachuchumaa hapo na wana haki ya kuchuchumaa. Chuchumaa na wewe. Watu wanapiga kila kitu wakiwa wamesimama, kamera iko usawa wa macho, halafu wanashangaa picha haina uhai.

Halafu lenzi pana, ile inayoona eneo kubwa. Najua wote tunaipenda, lakini ukiweka milimita 16 ukasogea karibu na jiwe, jiwe linakuwa mlima na mnara unakuwa njiti ya kiberiti. Mimi ya maonyesho nilipiga kwa milimita 35, nikarudi nyuma hatua nyingi tu, mnara ukakua mwamba usipungue sana. Na kamera isiangalie juu, ukiiinamisha nyuma mnara unalala kama unaanguka, iweke sawa, acha anga ya ziada halafu ikate baadaye nyumbani.

Sasa maji, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na nusura nipotee mwenyewe.

Mara ya nne kwenda pale, nimeshajua mambo ya mwamba, nimejaa moto, nikaona jabali limetokeza mbele kabisa, maji yamekupwa, nikashuka. Niliangalia bahari labda dakika tano, imetulia. Nikafunga tripodi, nikaweka filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, nikaanza kupiga. Mawimbi ya bahari kuu huja kwa mafungu, madogo madogo muda mrefu, halafu yanakuja makubwa matatu manne yamefuatana, na yale makubwa yanaweza kuwa yametoka kwenye dhoruba iliyo mbali sana ambayo wewe hapo ulipo unaona jua linawaka tu. Mimi nilikuwa nimeinama nasafisha lenzi, mgongo kwa bahari. La kwanza likanifika magotini. La pili likachukua tripodi, kamera ilikuwa mkononi kwa bahati tu nilikuwa nimeitoa ili nifute matone. Nikageuka nirudi, na ule uwazi wa mawe niliouruka wakati wa kuja, mkavu kabisa, sasa una maji yanakwenda kasi. Nilikaa juu ya lile jabali nimekumbatia kamera sijui muda gani mpaka likapita fungu lile nikaruka. Sikupiga picha nyingine siku ile. Mikono ilikuwa inatetemeka hata kufunga zipu ya begi siwezi.

Mnara wenyewe siutaji jina ndugu zangu, msiniulize, kwa sababu najua kuna mtu ataenda kutafuta lile jabali.

Tangu siku hiyo jedwali la maji nalisoma kabla ya utabiri wa anga. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanakupwa mbali na yanajaa juu sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ndogo. Kwa mpiga picha bamvua ni zawadi, inakufunulia miamba ambayo siku nyingine huioni, lakini hiyohiyo ndiyo inarudi kwa nguvu. Kwenye pwani nyingi kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kidogo, na maji hayaji kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanakudanganya, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Kwa hiyo mimi nashuka maji bado yanatoka, nikiona yamesimama naanza kupanda. Na kabla sijashuka nakaa juu dakika ishirini naangalia tu. Dakika ishirini kamili. Mahali lilipo jiwe jeusi limelowa maana yake wimbi linafika, hata kama hujaliona likifika. Penye mwani usikanyage.

Waliojenga minara walijua haya kuliko sisi. Bell Rock, pwani ya mashariki ya Scotland, ule mwamba maji yakijaa unazama wote, kwa hiyo mafundi wa mhandisi Robert Stevenson walipoanza kuchimba msingi 1807 walikuwa na saa chache tu kila maji yakikupwa, halafu wanakimbilia chomboni. Taa ikawashwa Februari 1811. Watu wamefanya kazi miaka kwa kufuata ratiba ya maji, wewe unashindwa kuisubiri asubuhi moja?

Na kuna ile picha maarufu ya mnara wa La Jument, mnaijua, wimbi limeuzunguka mnara mzima na mlinzi amesimama mlangoni. Jean Guichard aliipiga Desemba 1989 akiwa kwenye helikopta, karibu na kisiwa cha Ouessant, Ufaransa. Yule mlinzi, Théodore Malgorn, alifungua mlango kwa sababu alisikia helikopta akadhani wamekuja kumwokoa, na aliwahi kuufunga kwa sekunde tu. Alipona. Watu wanaiona ile picha wanataka wimbi kama lile, wanashuka kwenye mawe siku ya dhoruba. Aliyepiga alikuwa angani jamani. Dhoruba inapigwa kutoka mbali na juu, kwa lenzi ndefu inayovuta vya mbali, mwamba wako wa mbele uwe mkavu. Nalisema hili kila mara na nitaendelea kulisema.

Kuhusu shata, yaani ule mlango unaoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, hapa nina ubishi na wengi. Ile staili ya kuacha shata wazi dakika mbili mpaka bahari inakuwa ukungu wa maziwa, mimi nimeiacha. Inapendeza, lakini ukishaifanya bahari kuwa ukungu umeing'oa meno, na tumeshasema mwamba na bahari ndio sababu ya mnara. Mimi napiga kati ya robo sekunde na sekunde moja, na sipigi wimbi linapokuja, napiga linaporudi, maji yanateremka kwenye nyufa yakiacha michirizi myeupe. ISO 100 (kamera isiwe nyepesi sana kunasa mwanga), f/11 (tundu la lenzi liwe dogo), RAW (faili ghafi). Mwamba uliolowa ni mweusi kuliko unavyodhani na mnara ni mweupe kuliko unavyodhani, kwa hiyo angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, mnara usiungue, yaani usigeuke mweupe mtupu. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao kwenye jiwe na rangi ya jiwe inatoka, lakini usiizungushe mpaka mwisho, jiwe likikosa mng'ao wote halionekani limelowa. Na beba vitambaa vitano vya kufutia lenzi, siyo kimoja, chumvi haina huruma.

Mwanga uje ubavuni. Jua likiwa chini pembeni kila ufa unatoa kivuli na jiwe linapata sura, saa sita mchana jiwe ni bapa tu.

Kama unataka taa yenyewe iwake kwenye picha, subiri jua likishazama, ule muda wa bluu, na ujue mnara wako una mdundo gani, maana kila mnara una wake ili mabaharia wautambue. Eddystone kwa mfano inamulika mara mbili kila sekunde kumi, kwa hiyo ukipiga sekunde nne unaweza kutoka na giza tupu ukadhani taa mbovu. Hesabu kwanza, ndipo uchague muda. Hapo ndipo shata ndefu naikubali.

Miezi mingi ya katikati sina la kuhadithia, nilikwenda nikarudi, mawingu, mvua, picha za kawaida. Ile ya maonyesho ilikuja mara ya tisa. Mara ya tisa mahali palepale. Na hapa ndipo ninapowagombeza kidogo wenzangu, kwa sababu najua wengi wenu mnataka ninachokitaka mimi, picha ukutani, mtu ainame aiangalie, lakini mnakwenda mnara mmoja mara moja, mwezi ujao mnara mwingine, mnakusanya minara kama mihuri ya pasipoti. Mwamba hauwezi kukuzoea kwa siku moja. Mimi mara ya sita ndiyo niliuona ule ufa uliotengeneza picha yangu, na nilikuwa nimeukanyaga mara tano. Rudi palepale. Ukichoka rudi tena.

Dada, nimeziangalia tena picha zako. Ile ya tatu, chini kushoto, kuna kipande cha jiwe chenye mstari mweupe, wewe umekikata nusu. Jedwali linasema bamvua ni wiki ijayo. Nenda na mtu, kaeni juu dakika ishirini, halafu uchuchumae nyuma ya jiwe hilo, mstari wote uingie kwenye fremu, mnara uache mdogo huko mwisho. Ukishapiga nitumie hiyo moja tu.