Kwa nini jeshi liandike meseji na redio ya kuongelea ipo

Mkuu uliyeuliza kwa nini askari abebe kikeypad cha kuchapia meseji wakati redio anayo si aongee tu, sababu kubwa ni muda wa kukaa hewani. Ukiongea dakika nzima adui mwenye vifaa vya kutafuta mwelekeo wa mawimbi anakupata ulipo, ila meseji ya herufi 160 ni kama biti 1280 hivi (biti ni vile vipande vidogo vya data, herufi moja biti 8), ukiirusha kwa biti 300 kwa sekunde inaisha sekunde nne na kidogo, kwa 1200 ni kama sekunde moja tu ushanyamaza.

Na sio mambo ya leo, Wajerumani 1944 walikuwa na Kurier, mfumo wa nyambizi wa kurusha meseji kwa kasi, ujumbe unapita chini ya nusu sekunde, na Wamarekani baadaye wakawa na kifaa cha GRA-71, unaandaa ujumbe wa Morse (ile ya nukta na vistari) kwenye tepu halafu inatoka maneno 300 kwa dakika, hakuna mkono wa binadamu unaogonga hivyo!

Kwa Waingereza angalia redio yao ya jeshi PRC-319, kile kipande cha kuchapia meseji kinachomoka kabisa, yaani unakaa pembeni umejificha unachapa taratibu, unarekebisha, ndo unakuja kuchomeka na kurusha. Hiyo mi naona ndo akili kubwa kuliko hata huo ugumu wake wa kustahimili maji na vumbi. Halafu HF (yale mawimbi mafupi ya redio yanayofika mbali) ikiwa na makelele sauti haisikiki kabisa lakini data ikishushwa spidi mpaka biti 75 kwa sekunde bado inaweza kupenya.