Wadai wanakaa kibarazani, na mimi bado namngoja Mola

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mume wangu ni fundi ujenzi. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akavunjika nyonga, na tangu hapo hajarudi kazini. Ili kulipia matibabu nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kisha nikachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Sasa wadai huja kukaa kibarazani kuanzia Alasiri, nami huwaagiza watoto waseme sipo. Usiku naamka, naswali na kulia. Wifi yangu anasema machozi yangu ni dalili ya imani dhaifu, na kwamba anayemtegemea Mungu hapigi hodi kwa watu kuomba. Je, ni kweli? Na mbona Mola hajanijibu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yetu. Anayokwambia wifi yako yanakaribiana sana na aliyoambiwa Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, na waliomwambia walikuwa wanawe wa kuzaa. Sura Yusuf inasimulia kwamba, baada ya kumpoteza Yusuf na kisha mdogo wake kuzuiliwa Misri, mzee yule alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, nao wakamwambia kuwa hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka augue au aangamie. Hakuona haya kwa machozi yake. Aliwajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu, na kwamba anajua kutoka kwa Mungu yale wasiyoyajua wao (aya ya 86). Huyu ndiye aliyesema "subira njema", tena mara mbili katika sura hiyohiyo. Ikiwa kulia na kusubiri vilikaa pamoja katika kifua cha Nabii, hakuna mwenye haki ya kukuambia uchague kimoja.

Endelea na aya ya 87, maana humo limo jibu la neno la pili la wifi yako, kwamba anayemtegemea Mungu hapigi hodi kwa watu. Akiwa katika huzuni ileile, Yaakub anawaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, na papo hapo anawakataza kukata tamaa na rehema ya Mungu. Wakaenda. Walipofika Misri walisimama mbele ya mkuu wa ghala wakasema kwamba shida imewapata wao na watu wao, kwamba walicholeta ni mali duni, na wakaomba wapimiwe kipimo kamili na wafanyiwe sadaka. Hao ni watoto wa Nabii, wanaomba mbele ya mtu waliyemdhania mgeni. Na mtu huyo alikuwa Yusuf mwenyewe. Faraja ambayo baba yao aliililia kwa miaka ilianza kufunguka katika kikao kile cha kuomba. Siwezi kukuahidi kwamba mlango wa kwanza utakaoubisha utafunguka hivyo, lakini usikubali kuambiwa kwamba kubisha ni kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu.

Ni kweli kwamba Uislamu unachukia kuomba kwa mtu asiye na haja. Hata hivyo, katika Hadithi ya sahaba Qabisa iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa Hadithi, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataja wanaohalalishiwa kuomba, na miongoni mwao ni aliyepatwa na janga lililoteketeza mali yake, na aliyefikwa na ufukara ambao watu watatu wenye busara katika jamaa zake wanaushuhudia. Nawe deni linakuelemea, na wenye madeni wametajwa waziwazi katika aya ya 60 ya Sura Tawba miongoni mwa wanaostahiki zaka. Kwa hiyo nenda kwa imamu wa msikiti wenu ukiwa na karatasi za mikopo na za hospitali, umweleze hali yote bila kuficha. Ikiwa mume wako bado anatibiwa katika hospitali ya serikali, mwone ofisa ustawi wa jamii hapohapo kuhusu gharama zilizobaki. (Na wifi yako, ikiwa anataka kukuhimiza subira, aje nayo pamoja na kibaba cha unga.)

Kuhusu wadai, nakusihi kwa upole uache kuwatuma watoto waseme uongo, kwani unawabebesha mzigo usio wao. Toka mwenyewe, ukiwa na mzee mmoja wa mtaa au ndugu wa mume wako, uwaeleze unachoweza kulipa na lini. Aya ya 280 ya Sura Baqara inaamuru mdaiwa aliye na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Uliza pia kama wana leseni, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Ama mkopo wa tatu, usiuchukue kabisa. Ni riba juu ya riba, na ndiyo njia iliyokufikisha hapa.

Unauliza mbona hujajibiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mja hujibiwa maadamu hana pupa, yaani hajasema, "Nimeomba, wala sikujibiwa." Yusuf alikaa gerezani miaka kadhaa, na Qur'ani haimlaumu wala haituambii kwamba imani yake ilipungua. Sijui Mola amekuwekea nini, wala asikudanganye anayedai kujua. Ninachokijua ni kwamba kuamka kwako usiku, baada ya mchana kama ule, ni kumwamini Yeye kuliko unavyojidhania.

Katika swala hizo za usiku, ongeza dua hii iliyopokewa na Tirmidhi: *Allahumma-kfinii bihalaalika 'an haraamika, wa aghninii bifadhlika 'amman siwaak*, yaani, Ewe Mwenyezi Mungu, nitosheleze kwa halali Yako niepukane na haramu Yako, na unitajirishe kwa fadhila Zako nisimhitaji asiyekuwa Wewe. Sayyidna Ali alimfundisha dua hiyo mtumwa aliyeshindwa kulipa fedha za kujikomboa, na mtumwa huyo alikuwa amemwendea kumwomba msaada.