Kilomita 42 baada ya mazoezi yaliyokatikakatika: ushauri kwa wakimbiaji wapya wa Tabora

Anayejiandikisha kwa mbio za Kilimanjaro akiwa Tabora anajiandaa katika miezi isiyo na huruma. Mbio hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari, kwa hiyo wiki 16 za mazoezi zinaanza Novemba, mvua zinapofungua na kila mwenye shamba anashika jembe. Desemba kuna sikukuu na safari za kwa wazee, Januari ada za shule, na malaria haina likizo. Mwenye kufika Februari akiwa amekamilisha ratiba yote ni wa kubahatika, na ushauri huu haumhusu sana. Huu ni wa yule aliyekosa wiki 3, akarudi, akaumwa, akakosa tena 2, na sasa zimebaki siku 30 na namba ameshailipia.

Kwanza, kubali kwamba wiki zilizopotea hazilipiki. Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 kuligeuza zoezi kuwa nguvu. Kilomita 30 utakazolazimisha siku 10 kabla ya mbio zitakuachia miguu mizito tu, na faida yake itafika mbio zimeshaisha. Hapa ndipo wageni wengi wanajimaliza: wanaona siku zinakwisha, wanaanza kukimbia kila siku, ugoko unavimba au kano ya nyuma ya kisigino inauma kila wanapoamka. Ukifika kwenye mstari wa kuanzia ukiwa na pengo la mazoezi, unaweza kulipangia. Ukifika na kano iliyoumia, hakuna mpango utakaokuokoa.

Kipimo tunachokiamini ni kimoja: mbio ndefu kuliko zote uliyoimaliza ukiwa mzima ndani ya wiki 5 zilizopita. Kama ni kilomita 28 au zaidi, kimbia, ila punguza matarajio ya muda. Kama ni 18 au zaidi lakini haifiki 28, unaweza kumaliza kwa kuchanganya kukimbia na kutembea, na tutaeleza namna yake. Kama haifiki 18, waombe waandaaji mapema wakuhamishie kilomita 21. Hilo tunalisema bila kuzungusha, kwa sababu kilomita 12 za mwisho ukiwa umeishiwa kabisa kwenye jua la Moshi ni mahali pabaya pa kujifunza. Wapo wanaomtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, kama sababu ya kwenda hivyo hivyo. Tunamheshimu sana mzee huyo. Lakini alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu aliyeumia njiani, hakuwa mtu aliyekwenda bila mazoezi.

Kwa aliye katika kundi la kati, wiki 4 za mwisho ziende hivi. Wiki ya nne kabla ya mbio, kimbia mara 3: Jumanne dakika 40, Alhamisi dakika 50, Jumapili kilomita 22 hadi 24. Wiki ya tatu rudia hivyo hivyo, ila Jumapili nenda kilomita 26 au saa 3, lolote litakalotangulia, na usizidishe. Ndiyo mbio ndefu ya mwisho. Wiki ya pili, Jumapili yake iwe kilomita 14 hadi 16 tu. Wiki ya mbio yenyewe kimbia mara 2, dakika 20 hadi 30, polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kutafuta pumzi. Utajisikia mzito na mwenye wasiwasi siku hizo. Ni kawaida, usiende kujijaribu kasi.

Mazingira ya Tabora yana faida na hasara zake. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, juu kuliko Moshi mjini, kwa hiyo hewa haitakusumbua. Tatizo ni kwamba kwetu ni tambarare. Kule, nusu ya kwanza inapita kwenye barabara ya Dar es Salaam na haina vilima vya kutisha, kisha njia inapanda kuelekea Mweka hadi karibu kilomita ya 32, halafu inashuka kurudi Uwanja wa Ushirika. Wengi wanauogopa mpando. Kinachowavunja ni mteremko. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inavutwa huku ikijikaza ili kukuzuia usianguke, na msuli ambao haujazoea kazi hiyo unachanika vipande vidogo vidogo na kuuma kwa siku kadhaa. Dawa yake ipo hata pasipo milima: tafuta ngazi za jengo lolote la ghorofa, panda kwa kutembea na ushuke taratibu kwa dakika 10 hadi 15, mara moja kwa wiki. Mara 2 tu zinatosha kuipa misuli kinga itakayodumu wiki kadhaa. Ya mwisho iwe angalau siku 14 kabla ya mbio, maana zoezi hilo lenyewe linaumiza.

Njia za mchanga, kama ile ya Kwihara, ni nzuri kwa magoti. Ila kisigino kinazama na vigimbi vinafanya kazi ya ziada, hivyo kasi yako ya mchangani isikukatishe tamaa. Mbio zako ndefu 2 za mwisho zikimbie kwenye lami, pembeni kabisa, ukitazamana na magari, ili nyayo zizoee ugumu wake. Wenzetu wa Kigoma wana neema ya vilima kuanzia ziwani kwenda juu mjini. Wao waongeze uangalifu katika safari tu, kwa kuwa wanatoka mbali zaidi.

Malaria inahitaji aya yake. Ukiwa na homa, usikimbie hata dakika 10. Kumaliza dozi ya siku 3 ya dawa mseto hakumaanishi kwamba nguvu zimerudi, kwani ugonjwa huu unapunguza damu, na damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Baada ya dozi tembea siku kadhaa, kisha kimbia dakika 15 hadi 20. Kama moyo unakwenda mbio kwa mwendo uliokuwa rahisi zamani, rudi kwenye kutembea na kapime wingi wa damu kituo cha afya. Homa ikikupata ndani ya wiki 2 za mwisho, ahirisha mbio hadi mwakani.

Sasa kasi, maana hapa ndipo msimu mbovu unapookolewa au kuzikwa. Chukua muda wako halisi wa kilomita 21, zidisha mara 2, kisha ongeza dakika 30. Aliyejiandaa kikamilifu angeongeza 10 hadi 20, wewe ongeza 30. Kwa mfano, ukikimbia 21 kwa saa 1 na dakika 50, lengo lako ni saa 4 na dakika 10, yaani dakika 5 na sekunde 55 kwa kilomita. Kilomita 10 za kwanza nenda kwa 6:10. Utapitwa na watu wengi, wakiwemo wale unaowashinda mazoezini, na mwili uliopumzika utakuambia kwamba unajichelewesha. Usiusikilize. Anayeanza kwa kasi anachoma akiba yake ya sukari mapema, na akiba hiyo ikiisha hakuna moyo wa ushujaa utakaoirudisha. Hata mabingwa wanavumilia: Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, na wote wakaandikiwa 2:09:48.

Kama mbio yako ndefu haikufika 28, changanya kukimbia na kutembea tangu kilomita ya kwanza. Kimbia dakika 4, tembea 1. Ukikimbia kwa mwendo wa 6:30 na kutembea haraka kwa mwendo wa dakika 10 kwa kilomita, wastani wako ni karibu dakika 7, na utamaliza kwa takriban saa 4 na dakika 55. Linganisha na muda wa mwisho uliowekwa na waandaaji kabla hujaondoka nyumbani. Kosa la kawaida ni kuona aibu kutembea mbele ya watazamaji mwanzoni, halafu kutembea kilomita 10 nzima mwishoni. Kutembea kunasaidia pale unapotembea kabla ya kuchoka, kwa sababu misuli inapumzika ikiwa bado ina kitu. Kwenye mpando wa Mweka sahau saa, fuata pumzi. Kwenye mteremko fupisha hatua na uzikanyage haraka haraka, usijirushe.

Tuje kwenye chakula. Mwili hubeba akiba ya wanga ya kalori kama 2,000, na kukimbia kunatumia karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65 atahitaji zaidi ya 2,700. Mafuta ya mwilini yanachangia, lakini yanageuzwa polepole, ndiyo maana wengi hukata moto kati ya kilomita ya 30 na 35. Pengo linazibwa kwa kula gramu 30 hadi 60 za sukari kila saa, ukianza dakika ya 30, kabla ya njaa. Na mkimbiaji wa Tabora ana bahati: asali ya miyombo ipo mlangoni. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu gramu 17 za sukari. Chukua vijiko vikubwa 9 vya asali, vijiko 4 vya maji na chumvi ya kubana kwa vidole, tikisa vizuri, kisha gawa kwenye chupa 2 za plastiki za mililita 100, zile za dawa ya kikohozi, ukiwa umezisafisha vizuri. Hiyo ni funda moja kila nusu saa hadi utimize saa 4 na nusu za kukimbia. Teremsha kwa maji palipo na meza ya maji. Asali tupu bila maji inakaa tumboni, inavuta maji na kuleta kichefuchefu au kuharisha, hivyo ijaribu kwanza kwenye zile mbio ndefu 2. Kama tumbo linaikataa, tumia glukosi ya dukani au tende 5 hadi 6 kwa saa.

Siku 3 za mwisho ongeza wali, viazi vitamu na ugali, punguza maharage na vyakula vya mafuta. Nsansa ya karanga, ile mboga ya majani makavu, ni chakula kitamu na chenye afya, ila jioni ya kuamkia mbio iache. Asubuhi kula saa 2 na nusu hadi 3 kabla ya kuanza: uji mzito wenye sukari au mkate na asali.

Maji kunywa kwa kiu. Februari Moshi kuna joto, na mgeni huogopa kukauka hadi anabugia kila kikombe anachopewa. Anayekaa barabarani zaidi ya saa 4 akinywa maji matupu kupita kiasi anaizimua chumvi ya damu. Vidole vinavimba, pete inabana, kichwa kinauma, kichefuchefu, kisha mtu anachanganyikiwa. Hiyo ni hatari kuliko kiu. Ukiona dalili hizo acha kunywa na umwone mhudumu wa afya. Vilevile usimeze diklofenaki wala brufeni asubuhi ya mbio ili kuzima maumivu ya goti: dawa hizo, ukosefu wa maji na juhudi ndefu vikikutana vinaumiza figo.

Viatu: vile ulivyokwisha kimbilia kilomita 50 hadi 80. Kama unanunua vya mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba, na kama haibonyei wala kurudi, sponji imekufa hata kama kwa juu kinang'aa. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kati ya vidole. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu.

Safari ya basi kupitia Nzega, Singida, Babati na Arusha ni ndefu, na miguu huvimba kwa kukaa. Mbio zikiwa Jumapili, ondoka Alhamisi. Shuka na kutembea kila basi linaposimama, beba chakula chako, na usijinyime maji kwa kuogopa kukosa choo.

Ukimaliza, usikae chini papo hapo. Tembea dakika 10 hadi 15, kisha kula wanga na protini, kama wali na mayai, ndani ya saa moja au mbili. Lala Moshi usiku huo, basi la kurudi liwe Jumatatu. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi au ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli iliyovunjika inaweza kuziba figo. Siku 7 usikimbie, tembea tu. Wiki ya pili anza na dakika 20 mara 3, na mbio za kasi zisubiri hadi wiki ya nne, au hadi utakapoweza kushuka ngazi bila kushika ukuta.