Maswali na majibu: tumbo baada ya upasuaji

*Dada yangu kajifungua kwa upasuaji juzi. Kila asubuhi manesi wanamuuliza kama amejamba. Anaona aibu. Wanatafuta nini? (Ujiji)*

Wanatafuta habari njema. Tumbo likifunguliwa, utumbo hulala. Ule mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Mpana hukawia hadi siku ya pili au ya tatu. Upepo ukitoka, njia imefunguka. Nimewahi kuona bibi mmoja akimwita nesi kwa kidole, akamnong'oneza, "Umetoka." Wodi nzima ikapiga vigelegele. Dada atembee taratibu, kiganja juu ya mshono. Akitafuna bigijii mara tatu kwa siku, utumbo hudhani chakula kinakuja, ukaanza kazi.

*Baba kapasuliwa ngiri, anameza tramado, dawa ya maumivu. Siku ya tano hana choo. Nimpe mawese? (Kasulu)*

Mawese ni mafuta matamu ya mboga, si dawa ya choo. Anayefunga choo hapo ni tramado yenyewe. Kama anajamba na hatapiki, mpe maji kwa wingi na papai, kisha mwombeni daktari dawa ya kulainisha choo. Asijikamue chooni, mshono bado mbichi.

*Mdogo wangu alipasuliwa kidole tumbo miaka sita iliyopita. Mwezi huu tumbo lilimnyonga kwa vipindi, likavimba, akatapika maji ya kijani. Bibi akampiga bomba la mizizi, yaani dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa, likatulia. Kovu limepona kabisa, imekuwaje? (kijiji cha mwambao)*

Kovu la nje limepona, lakini la ndani huota nyuzi zinazogandisha utumbo na utumbo. Siku moja unajisokota humo kama wavu wa dagaa uliokunjwa vibaya, ukaziba. Huweza kutokea hata baada ya miaka kumi. Namheshimu bibi, anampenda mjukuu wake, ila nawasihi: bomba lisirudiwe. Utumbo ulioziba ukisukumwa unaweza kupasuka.

Mpelekeni akapimwe hata kama sasa ni mzima. Na hali ikirudi, tumbo limejaa, anatapika, hajambi wala hapati choo, asile, asinywe, tafuteni boti usiku huohuo. Hospitali watampitishia mpira puani, wamtundikie dripu, wampige picha. Wengi hufunguka bila kisu. Lakini damu ikiacha kufika kwenye utumbo, hufa ndani ya saa chache. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe: "Aliwahi kupasuliwa tumbo," na mwonyesheni kovu.