Geuzeni Kibodi Kwanza: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuwinda Minadani

Mara kwa mara siku hizi, hapa Kisumu, kijana huniwekea mezani kibodi kuukuu ambayo ameshailipia, ameshaisafirisha na ameshaikomboa kwa ushuru, halafu ndipo huniuliza kama alichagua vyema. Swali hilo lilistahili kuulizwa kabla ya kutoa dau. Nafurahi mno kuona watu wa rika lenu wakitamani kibodi zilizoundwa kwa chuma na springi, na nisingekaa kuwaandikia kama nisingewajali; ila subira yangu hupungua ninapoona hasara ile ile ikirudiwa na watu ambao wangeiepuka kwa kumtumia muuzaji ujumbe mmoja. Karibu hasara zote nilizoshuhudia zimetokana na kuitazama picha ya mbele peke yake. Siku ya Jumapili pale sokoni Kibuye, hakuna anayenunua shati la mtumba bila kuligeuza ndani nje akakagua kola na kwapa, lakini mtu huyo huyo akifika mnadani mtandaoni hukubali kutoa maelfu ya shilingi kwa sababu vitufe vinang'aa.

1. Ombeni picha ya mgongo. Lebo iliyo nyuma ya Model M, ile kibodi maarufu ya springi ya IBM, hutaja namba ya muundo na tarehe ya kutengenezwa. Namba 1391401 ndiyo ya kawaida ya Marekani, yenye vitufe 101. Namba 1391406 ni ya Uingereza, ambayo alama ya pauni iko juu ya 3 na kitufe cha Enter kimesimama wima, na aliyezoea mpangilio wa Marekani atasumbuka nayo kila siku. Msikimbie lebo yenye jina la Lexmark mkidhani ni bandia. Kampuni hiyo ilitokana na IBM mwaka 1991, katika mji ule ule wa Lexington, Kentucky, na mwaka 1996 kazi ya kutengeneza kibodi hizo ikapita mikononi mwa kampuni ya Unicomp. Cha kuogopa ni kwamba baadhi ya kibodi za familia hiyo zina mpira badala ya springi chini ya ganda linalofanana, kwa hiyo ombeni pia picha ya kitufe kimoja kikiwa kimeng'olewa. Muuzaji asiyejua huvua kofia ya juu tu, kwa kuwa vitufe vingi vya Model M vina sehemu mbili. Mwambieni kwa upole ang'oe na sehemu ya chini, hadi springi ionekane imesimama ndani ya kijibomba chake.

2. Tafuteni kwa namba ya muundo na si kwa jina, kwa sababu muuzaji asiyejua alicho nacho hunakili tarakimu za lebo bila kuandika "Model M" popote, na hapo ndipo bei huwa ya kibinadamu.

3. Tazameni plagi, kisha mtilie shaka mnachokiona. Kijana mmoja mwandishi wa programu, mkazi wa Nyalenda, alishinda mnada wa Model F yenye vitufe 83, ile iliyotoka na kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM mwaka 1981. Ni kibodi ya kuheshimiwa: springi inapopinda ghafla hukipiga kibapa kidogo kilicho chini yake, na bodi hutambua mguso huo kwa mabadiliko ya chaji ya umeme, bila karatasi zile za plastiki zinazogusana ndani ya Model M. Picha ilionyesha plagi ya duara yenye pini tano. Kijana alikuwa amesoma, tena kwa usahihi, kwamba kibodi za AT, kompyuta nyingine ya IBM, zenye plagi hiyo huunganishwa na kompyuta za baadaye kwa adapta rahisi, akaagiza kibodi na adapta kwa pamoja. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba kibodi ya 1981 na ile ya AT ya 1984 zina plagi moja lakini hazizungumzi lugha moja. Ile ya kwanza hutuma habari tu, wala haipokei amri kutoka kwa kompyuta. Ile ya AT hutuma na kupokea, na ndiyo sababu ina taa tatu, za Caps Lock, Num Lock na Scroll Lock, ambazo kompyuta yenyewe huziwasha na kuzizima. Kibodi ya kwanza haina hata taa moja. Yeyote aliyejua la kutafuta angeligundua hilo pichani kabla ya mnada kufungwa.

Sehemu iliyoniuma zaidi ilifuata baada ya hapo. Alipoiunganisha na asione herufi hata moja, aliamini kwamba amenunua maiti, akaifungua usiku ule ule. Model F haikupigwa riveti kama ndugu yake mdogo, Model M. Mabamba yake mawili ya chuma yamenasana kwa kulabu, yakikazwa na springi zote pamoja na tabaka la sponji, hivyo mwenye nguvu anaweza kuyatelezesha yakaachana. Sponji ile, baada ya miaka zaidi ya 40, ilikuwa imegeuka unga. Mabamba yalipoachana springi zilifyatuka, vibapa vikamwagika sakafuni, na asubuhi nyumba ikafagiliwa kabla hajavihesabu. Aliniletea kilichobaki kwenye mfuko wa ununuzi. Tulikata sponji mpya, tukapanga kila kibapa kwenye kiti chake, tukayarudisha mabamba kwa vibano vya seremala, kisha tukaunganisha nyaya chache kwenye bodi ndogo ya kielektroniki aina ya Pro Micro iliyopakiwa QMK, programu ya bure inayosikiliza lugha ile ya 1981 na kuikabidhi kompyuta kupitia USB. Kila kitufe kilichokuwa na kibapa chake kiliitika papo hapo. Kibodi ilikuwa nzima tangu ilipotoka kwa muuzaji, na vitufe vilivyobaki kimya ni vile ambavyo vibapa vyake vilikwenda na ufagio. Tafadhalini, wadogo zangu: kibodi ikikaa kimya, ishukuni lugha yake kwanza, na bisibisi ibaki kwenye droo.

4. Mwombeni muuzaji aitikise. Ndani ya Model M, bamba la plastiki lenye vijibomba limeshikiliwa kwenye bamba la chuma kwa riveti nyingi ndogo za plastiki zilizoyeyushwa vichwa, na vichwa hivyo hukatika kwa uzee au kwa kuangushwa. Vikikatika vingi, vitufe hupoteza ule mlio mkali na baadhi huacha kuandika. Vipande vinavyochezacheza ndani husikika. Hitilafu hiyo hurekebishwa kwa kutoboa na kutia skrubu ndogo na nati, kazi ya uvumilivu mkubwa, basi dau lenu liwe na nafasi ya kazi hiyo. Kulifungua ganda lenyewe mtahitaji spana ya bomba ya milimita 5.5 yenye ukuta mwembamba, kwa maana skrubu zimezama ndani.

5. Kwa wanaopenda za Apple, Extended Keyboard ya 1987 yenye namba M0115 na Extended Keyboard II ya 1990 yenye namba M3501 zinatafutwa kwa ajili ya swichi zilizo chini ya vitufe, za kampuni ya Alps, lakini baadhi ya hizo za pili ziliwekwa swichi za kampuni nyingine, Mitsumi, na ganda halitawaambia. Hapa pia kitufe king'olewe. Mimi naliogopa vumbi ndani ya swichi za Alps kuliko ninavyoogopa ganda la njano, kwa kuwa swichi iliyoanza kukwaruza hairudi kirahisi katika ulaini wake, ilhali plastiki ya ABS iliyogeuka njano kwa miale ya jua inaweza kung'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi.

6. Pigeni hesabu ya bei ya kufika Kisumu. Wasafirishaji wengi wa ndege hutoza kwa uzito au kwa ujazo, kutegemea kipi ni kikubwa, na ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Model M ina zaidi ya kilo 2, ila katika sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 15 itahesabiwa kilo 5.4, na sanduku likizidi hapo mtakuwa mnalipia hewa. Ongezeni VAT ya asilimia 16, ambayo hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri, na ada nyingine za forodha. Baada ya hesabu hiyo wekeni kiwango chenu cha juu mara moja, dakika za mwisho, na mfumo utapandisha kidogo kidogo kwa niaba yenu. Mnada unaofungwa saa moja jioni California hufungwa saa kumi na moja alfajiri kwetu katika majira yao ya joto, na saa kumi na mbili asubuhi katika majira yao ya baridi. Nimemwona kijana mwerevu akishindana alfajiri na mtu asiyemjua, akapandisha dau mara kwa mara hadi akapita bei ya kibodi mpya kabisa ya Unicomp, yenye USB na dhamana.

7. Kabla ya kulipa, mwandikieni muuzaji jinsi ya kufunga mzigo: vitufe vizungushiwe plastiki ili kinachochomoka kisipotee, na kebo ifungwe peke yake, kwa kuwa plagi ikilala juu ya vitufe huvivunja njiani. Kisha mjue kwamba ulinzi wa mnunuzi kwa kawaida huishia kwenye anwani ya kwanza. Kwenu anwani hiyo ni ghala la wakala wa usafirishaji aliye Marekani au Uingereza, na mzigo ukishatoka hapo hakuna wa kumdai. Mlipeni wakala ada yake ya ukaguzi afungue sanduku, apige picha za mgongo, plagi na pembe zote nne za ganda, na athibitishe kwamba kebo imo. Kebo ya 1391401 huchomolewa upande wa kibodi, na kichwa chake ni cha namna ambayo hamtaipata kwenye duka lolote la Oginga Odinga Street. Ikiwa haimo, au pembe imepasuka, zuieni safari ya ndege na mfungue dai siku hiyo hiyo.